Uzi: Alama ya BRELA inaishia Sirari. Stika ikibandikwa Kisumu, kesi inafunguliwa wapi na kwa sheria ya nani?

#1 Mwaloni_Kirumba
Wakuu, salaam. Naanza na dai, anayebisha aje na kifungu. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, inaishia Sirari kwa upande wa Kenya, Mutukula kwa upande wa Uganda, na majini inaishia pale mpaka wa nchi unapokata ziwa. Ukishavuka hapo, cheti chako hakimzuii mtu.

Mfano wa kutufanyia kazi. Mfungashaji wa Ilemela ana dagaa wakavu kwenye pakiti za gramu 500, lebo ya bluu, jua linachomoza nyuma ya mtumbwi, jina "Jua la Nyanza". Amesajili BRELA daraja la 29, yaani kundi la bidhaa lenye samaki wakavu wa kuliwa. Mfanyabiashara wa Kisumu ananunua dagaa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, kwa magunia yasiyo na nembo yoyote, anavusha, kisha kule anawafungasha kwenye pakiti za gramu 500, lebo ya bluu, jua, mtumbwi, na jina "Jua ya Nyanza". Tofauti ni herufi moja. Baadhi ya pakiti hizo zinarudi na kuuzwa Tarime.

Kesi ifunguliwe Mwanza au Kisumu? Hakimu atumie sheria ya wapi? Na hukumu ikipatikana inakazwa vipi?

#2 Wakili_Isamilo
Sahihisho dogo kabla hatujafika mbali. Alama ya BRELA haifiki hata Zanzibar. Zanzibar wana sheria yao ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 na msajili wao, BPRA. Kwa hiyo mpaka wa kwanza uko ndani ya Muungano wenyewe, na wafungashaji wengi wanaopeleka dagaa Unguja hawalijui hilo.

Kwa mengine naunga mkono. Mkataba wa Paris wa mali za viwandani, ibara ya 6(3), unasema alama iliyosajiliwa katika nchi moja inajitegemea, haifungamani na ile ya nchi nyingine. Tanzania imo tangu 1963, Kenya na Uganda tangu 1965. Sheria inayotumika ni ya nchi ambayo ulinzi unadaiwa. Ukidai ulinzi wa Kenya, ni sheria ya Kenya, hata kama hakimu ameketi Mwanza.

#3 Nyamagana_Mjini
Sasa mtu ameibiwa jina akiwa kwake Ilemela, maumivu yako Ilemela, mauzo yameshuka Ilemela. Kwa nini asifungue hapa hapa Mahakama Kuu? Divisheni ya Biashara ina masjala Mwanza.

#4 Mzee_wa_Capripoint
Kwa sababu ya kanuni ya mwaka 1893, kijana wangu. British South Africa Company dhidi ya Companhia de Moçambique, Bunge la Mabwana la Uingereza: mahakama haisikilizi kesi ya haki juu ya ardhi iliyo nje ya nchi. Baadaye majaji wakaivuta kanuni hiyo hadi kwenye hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) na alama, wakisema haki inayotolewa na dola moja isihukumiwe na dola nyingine. Mahakama ya juu ya Australia ilifanya hivyo mwaka 1906 kuhusu hataza.

Sisi tulipokea sheria za Kiingereza kwa tarehe maalumu, 22 Julai 1920, kupitia Sura ya 358, kifungu cha 2(3). Kanuni ya 1893 iko ndani ya tarehe hiyo. Imo kwenye mzigo tuliopokea.

#5 Sirari_Mpakani
Mzee umewarudisha Wareno wako 😂 Kila uzi wa sheria lazima wapite.

#6 Wakili_Isamilo
Mzee #4, heshima zako, lakini usiishie 1893. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kesi ya Lucasfilm dhidi ya Ainsworth, ilikataa kuivuta kanuni ile hadi kwenye hakimiliki. Ilisema mahakama ya Kiingereza inaweza kusikiliza madai ya kuvunjwa kwa hakimiliki ya Marekani ikiwa mdaiwa yuko mbele yake. Kwetu uamuzi huo haufungi kwa sababu umekuja baada ya 1920, ila unashawishi. Na sheria ile ile ya Sura ya 358 inataka sheria iliyopokelewa itumike kwa kadiri hali ya hapa inavyoruhusu.

#7 Mzee_wa_Capripoint
Nakubali nusu. Kesi hiyo ilihusu hakimiliki, haki inayozaliwa yenyewe bila daftari. Alama ya biashara iko kwenye daftari la msajili. Mdaiwa wa Kisumu akijibu kwamba alama yako haikustahili kusajiliwa, jaji wa Mwanza hawezi kumwamuru msajili wa Nairobi afute au aandike chochote. Hapo ndipo kamba inapokatikia. Tena huyu wa Ilemela hana hata alama ya Kenya, kwa hiyo hakuna haki ya Kenya iliyovunjwa.

#8 Omena_Kisumu
Habari kutoka ng'ambo. Wote mnajadili korti ilhali swali la kwanza halijaulizwa: stika ilibandikwa wapi?

Kitendo kinachovunja alama ni kuitumia katika biashara. Gunia lilipotoka Mwanza halikuwa na alama yoyote. Aliyeliuza gunia hakukosea, aliyelivusha hakukosea. Kosa, kama lipo, linaanza pale lebo inapochapishwa na kubandikwa, na hiyo ni Kenya. Kwa hiyo gawanya mambo matatu. Kubandika na kuuza Kisumu ni jambo la Kenya. Kuingiza pakiti Tarime na kuziuza ni jambo la Tanzania, na hapo cheti cha BRELA kinafanya kazi vizuri kabisa. Pakiti zikifika Busia upande wa Uganda, hilo ni jambo la tatu. Gunia ni moja, lakini sheria ni tatu.

#9 Mwaloni_Kirumba
Hii #8 ndiyo niliyokuwa naitafuta. Asante. Kwa hiyo kwa pakiti za Tarime, nani wa kushtakiwa?

#10 Wakili_Isamilo
Mwagizaji na muuza jumla wa Tarime. Hao wako ndani ya mamlaka, wito unawafikia siku hiyo hiyo, na zuio likitolewa linawafunga. Pamoja na kesi ya madai kuna njia ya Tume ya Ushindani, FCC, kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963: unapeleka malalamiko, nakala ya cheti, sampuli mbili za pakiti halisi na mbili za bandia, na maelezo ya ghala lilipo.

Sampuli zinunuliwe dukani, zikiwa na risiti ya kielektroniki. Bila risiti, muuzaji atasema pakiti hiyo haikutoka kwake.

Yule wa Kisumu mwache kwanza. Ukimuunganisha, wito wake lazima upitie mahakama ya Kenya, na kesi nzima inakaa ikimsubiri.

#11 Bukoba_Kashozi
Kuhusu Uganda niongeze. Huko dagaa ni mukene, Kenya ni omena, samaki ni yule yule, Rastrineobola argentea. Kwa hiyo neno "dagaa" kwenye lebo halina ulinzi hata kidogo, ni jina la bidhaa. Kinacholindwa ni kile kinachobaki ukishaliondoa.

Mkague na daraja. Dagaa wa kuliwa ni daraja la 29. Dagaa wa kusagwa kuwa chakula cha kuku ni la 31. Tanzania kila daraja linaombewa peke yake. Mfungashaji akisajili 29 tu, mtu wa pembeni anaweka jua na mtumbwi kwenye mfuko wa chakula cha kuku, na hapo mabishano yanaanza upya.

#12 Igogo_Bandarini
Nyanza je? Si jina la mahali?

#13 Omena_Kisumu
Ni jina la mahali, na kwa Kenya lina uzito zaidi kuliko mnavyodhani. Huku Nyanza ilikuwa mkoa mzima hadi katiba ya 2010, na watu bado wanasema wanatoka Nyanza. Mkaguzi wa KIPI, ofisi ya Kenya inayosajili alama, akiliona kwenye lebo ya samaki, ana sababu ya kumtaka mwombaji akane haki ya pekee juu ya neno hilo. Ukishalikana, unabaki na "Jua", mchoro, na mpangilio wa rangi.

Mkaguzi wa Dar es Salaam anaweza kufikia jibu tofauti kwa lebo hiyo hiyo. Ndiyo maana ya kujitegemea iliyotajwa #2: alama moja inaweza kuwa na nguvu upande mmoja wa ziwa na kuwa dhaifu upande wa pili, na hakuna aliyekosea.

#14 Nyamagana_Mjini
Na "la" dhidi ya "ya"? Huyo wa Kisumu atasema jina lake ni jingine.

#15 Wakili_Isamilo
Hatafika mbali. Kipimo si kuweka lebo mbili mezani na kuhesabu herufi. Mahakama inamfikiria mnunuzi wa kawaida, mwenye kumbukumbu isiyokamilika, anayeona lebo moja leo na nyingine wiki ijayo. Inaangalia sura nzima, inasikiliza matamshi, inatazama wazo. Mama anayemtuma mtoto dukani anasema "niletee zile za jua". Kwenye kipimo hicho "la" na "ya" hazina kazi.

#16 Sirari_Mpakani
Mnaisahau forodha. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka bidhaa bandia kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku kuingizwa, nchi zote wanachama. Ofisa wa forodha anaweza kuzuia mzigo bila kusubiri hukumu.

Kenya wana jambo la ziada: tangu 1 Januari 2023 haki za ubunifu zinazohusu bidhaa zinazoingizwa zinaandikishwa kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, popote zilikosajiliwa. Umeona? Hata haki iliyosajiliwa nje. Huyo wa Ilemela aandikishe huko, amalize.

#17 Omena_Kisumu
Hamalizi. Soma tena #8. Uandikishaji huo unahusu bidhaa zinazoingia. Mzigo unaoingia Isebania, upande wa Kenya wa mpaka wa Sirari, ni magunia ya omena yasiyo na nembo. Ofisa atafungua gunia, ataona omena, atalifunga. Hakuna cha kukamata mpakani kwa sababu alama inazaliwa ndani ya nchi.

Ungekuwa mzigo wa pakiti zilizochapwa Kampala kuja Kenya, hoja yako ingesimama.

#18 Sirari_Mpakani
Sawa, kwa magunia nimekubali. Lakini kwa pakiti zinazorudi Tarime forodha bado ina nafasi, usiitupe.

#19 Mama_Pasiansi
Jamani, si kuna usajili mmoja wa Afrika unaomaliza yote? ARIPO, lile shirika la mali bunifu la Afrika, Harare.

#20 Wakili_Isamilo
Mama, hapo watu wengi wamelipa fedha na kubaki na maswali. Itifaki ya Banjul ya 1993 inaruhusu ombi moja la alama na kutaja nchi kadhaa. Tanzania imo, Uganda imo. Kenya haimo, kwa hiyo kwa mfano wetu wa Kisumu ARIPO haisaidii chochote.

Na kwa zile zilizomo kuna tatizo la pili. Kwa mfumo wetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge liuingize. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 haikuandikwa kwa ajili ya alama iliyotolewa Harare. Mdaiwa anaweza kusimama na kusema: nionyesheni kifungu cha sheria ya Tanzania kinachoipa nguvu karatasi hii.

#21 Bukoba_Kashozi
Wakili, hapo tunatofautiana. Nchi iliyoridhia na inayopokea ada zake za kutajwa haiwezi kugeuka mahakamani na kusema alama haipo. Waombaji walitegemea ahadi ya dola.

#22 Mzee_wa_Capripoint
Dola ya nje na mahakama ya ndani ni vitu viwili, Kashozi. Mdaiwa siye aliyetoa ahadi.

Niongeze njia nyingine inayotajwa ovyo: Itifaki ya Madrid, ombi moja la kimataifa la alama linaloanzia ofisi ya nchi yako. Kenya imo tangu 1998, Rwanda tangu 2013. Tanzania haimo, Uganda haimo. Mfungashaji wa Ilemela hawezi kuanzia BRELA kwenda Madrid. Afisa masoko akikuambia anaweza, mwulize anaanzia ofisi ipi.

#23 Mwaloni_Kirumba
Basi njia iliyobaki ni ombi la moja kwa moja Kenya?

#24 Omena_Kisumu
Ndiyo, na saa inakimbia. Hatua zake:

Ukiwa umeomba Tanzania, una miezi 6 ya kipaumbele cha Paris. Ukiomba Kenya ndani ya miezi hiyo, ombi lako linahesabiwa kama liliwekwa siku ile ya Tanzania, hata kama mtu wa Kisumu aliomba katikati. Ikipita miezi 6, unaanza siku unayofika. Mwombaji wa nje lazima awe na wakala wa Kenya. Tafuta daftari kwanza, ndipo uombe.

Ukikuta mwenzako ameshaomba, angalia kama ombi lake limetangazwa. Pingamizi linawekwa ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Tanzania na Uganda pia ni siku 60. Siku hizo zikipita, huwezi tena kupinga, unaomba kufuta, na mzigo wa kuthibitisha unakuwa mkubwa zaidi.

Angalizo la kalenda: Kenya usajili ni miaka 10 na kila uhuishaji 10. Tanzania na Uganda wa kwanza ni miaka 7, kisha 10. Mtu mwenye nchi tatu akitumia tarehe moja kwa zote, atajikuta amepoteza mbili. Na usisajili Kenya ukalala: alama isiyotumika miaka 5 inafutika. Tanzania ni miaka 3.

#25 Nyamagana_Mjini
Na kama huyo wa Kisumu alikuwa mgawaji wake? Yaani walifanya biashara pamoja kabla?

#26 Wakili_Isamilo
Swali zuri, na jibu linabadilika kabisa. Ibara ya 6septies ya Paris inamhusu wakala au mwakilishi anayesajili alama ya bosi wake kwa jina lake mwenyewe bila idhini. Mwenye alama anaweza kupinga, kudai ifutwe, au pale sheria ya nchi inaporuhusu, kudai ihamishiwe kwake. Lakini neno ni wakala au mwakilishi. Mtu aliyenunua magunia kwa fedha taslimu Mwaloni ni mteja tu. Ndiyo maana mkataba wa ugawaji uandikwe, hata wa kurasa mbili, na useme alama ni ya nani.

#27 Igogo_Bandarini
Kama hana usajili Kenya na siku 60 zimepita, kuna kujitetea kwa sifa ya biashara? Yaani yule anauza bidhaa yake kwa sura ya bidhaa yangu.

#28 Omena_Kisumu
Ipo, korti za Kenya zinaitambua. Shida ni kwamba sifa lazima iwe na wateja Kenya, kusikika tu hakutoshi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisisitiza hivyo mwaka 2015 kwenye kesi ya Starbucks ya Hong Kong dhidi ya Sky. Kwa hiyo leta ushahidi wa wanunuzi wa Kenya waliokuwa wakinunua pakiti yako yenye lebo.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa ziwani wanapoumia. Mizigo midogo, isiyozidi thamani ya dola 2,000, inavuka kwa cheti rahisi cha uasili. Kwenye sehemu ya maelezo ya bidhaa wanaandika "dagaa wakavu, kilo 300" basi. Miaka mitatu baadaye una rundo la vyeti na hakuna hata kimoja kinachotaja lebo. Andika: "dagaa wakavu, pakiti 600 za gramu 500, alama Jua la Nyanza". Ankara iandike hivyo hivyo. Ni dakika moja pale dirishani.

#29 Mama_Pasiansi
Hilo la #28 nitawasomea kikundi chote. Ubarikiwe.

#30 Mzee_wa_Capripoint
Na kama kesi hiyo ya sifa inafunguliwa Mwanza kwa kitendo cha Kisumu, kumbukeni Phillips dhidi ya Eyre, 1870: kitendo kiwe kosa kwa sheria ya mahakama inayosikiliza, na kisiwe na uhalali kwa sheria ya mahali kilipotendeka. Nchi zote mbili zinaitambua sifa ya biashara, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa.

#31 Wakili_Isamilo
Mlango wa kuingia uko wazi, wa kutokea ndio mwembamba. Tuseme umeshinda Mwanza. Sheria ya Kenya ya Kukazia Hukumu za Nje, Sura ya 43, inaitaja Tanzania, na unaisajili Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka 6. Lakini inapokea hukumu ya kulipa fedha au kukabidhi mali inayohamishika. Zuio halimo. Yaani fidia inaweza kuvuka, amri ya "acha kutumia lebo hii" haivuki, na hiyo ndiyo uliyoitaka zaidi.

Kisha Kenya watauliza kama mahakama ya Mwanza ilikuwa na mamlaka juu ya mtu huyo. Kama hakuwa na makazi wala ofisi Tanzania, na hakujitokeza kujitetea, usajili unaweza kutenguliwa. Hiyo Lucasfilm ina sehemu watu wanaisahau: walikuwa na hukumu ya California ya dola milioni 20 dhidi ya mtu aliyeko Uingereza, na Waingereza hawakuikazia, kwa sababu kuuza bidhaa chache Marekani kwa tovuti hakukumfanya awe yuko Marekani. Walilazimika kuanza upya Uingereza.

#32 Nyamagana_Mjini
Kwa hiyo mnaniambia niende Kisumu.

#33 Omena_Kisumu
Karibu Kisumu ndugu yangu, ila uje na fedha ya dhamana. Mdai anayeishi nje na asiye na mali Kenya anaweza kuamriwa aweke dhamana ya gharama kabla kesi haijaendelea. Tanzania pia mdai wa kigeni anaweza kuamriwa hivyo.

#34 Bukoba_Kashozi
Ndiyo maana nasema usuluhishi kwa mkataba. Mkataba wa New York, wa kukazia tuzo (maamuzi ya wasuluhishi) za nje, wameridhia wote: Tanzania 1964, Kenya 1989, Uganda 1992. Tuzo inavuka kirahisi kuliko hukumu.

#35 Wakili_Isamilo
Kati ya waliosaini tu. Mwizi wa lebo hajasaini mkataba na mtu. Na msuluhishi hafuti alama kwenye daftari la nchi.

#36 Igogo_Bandarini
Tukiwa hapo hapo: Wajapani waliosajili kiondo, na Wamarekani waliosajili Hakuna Matata, mbona hao wanatuzuia?

#37 Mzee_wa_Capripoint
La kiondo limesimuliwa miaka mingi, lakini sijaona mtu akileta namba ya usajili. La kikoi lina msingi: kampuni ya Uingereza iliomba neno "Kikoy" huko kwao mwaka 2006, Wakenya wakapinga, ombi halikufika mwisho. Hakuna Matata ni Disney, waliomba Marekani 1994, ikasajiliwa 2003, kwa nguo. Mtu wa Makoroboi akichapa fulana na kuziuza Mwanza, usajili wa Marekani haumgusi. Akizituma kwa wateja wa Marekani, hapo anaingia kwenye sheria yao.

#38 Ngoma_Magu
Na nyimbo? Msanii wa Kisukuma video yake imeshushwa YouTube kwa madai ya mtu asiyemjua.

#39 Wakili_Isamilo
Hakimiliki yake ipo bila usajili, Mkataba wa Berne, ibara ya 5(2). Lakini fomu ya YouTube inafuata sheria ya Marekani. Akijaza pingamizi anaweka jina, anwani, simu, kiapo, na anakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Mlalamikaji asipoonyesha kwamba amefungua kesi, video inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Asome aya hiyo ya mamlaka kabla hajabonyeza, maana wengi wanaijaza kama fomu ya benki.

#40 Sirari_Mpakani
Turudi ziwani. Taa ya sola ya kuvutia dagaa, ina hataza Kenya, Tanzania haina. Mtumbwi wa Ukerewe unasukumwa na upepo usiku hadi maji ya Kenya, taa inawaka. Hataza imevunjwa?

#41 Omena_Kisumu
Ziwa halina bahari kuu, kila wimbi ni la nchi fulani. Lakini Paris, ibara ya 5ter, inasamehe chombo cha nchi mwanachama kinachoingia kwa muda au kwa bahati mbaya, kwa vifaa vya mwili wake, mashine na zana, mradi vinatumika kwa mahitaji ya chombo pekee.

#42 Mzee_wa_Capripoint
Taa ya kuvutia dagaa ni mahitaji ya chombo? Mtumbwi unaelea bila hiyo. Ile ni ya biashara.

#43 Bukoba_Kashozi
Mtumbwi wa dagaa bila taa ni ubao tu, Mzee. Kazi ya chombo hicho ni kuvua, na zana imetajwa ndani ya ibara yenyewe.

#44 Igogo_Bandarini
Na ikiwaka karibu na Migingo, ambako Kenya na Uganda zenyewe hazijakubaliana kisiwa ni cha nani?